Mama Risasi na Kiti Kisichokalika

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mtu ambaye hakuwa msikilizaji wetu. Mmesikia vizuri. Kwa miaka kumi na tisa mama huyu hakufungua kituo hiki hata siku moja. Nyumbani kwake alikuwa na redio tatu, zote nzima, na zote zilituruka. Alikuwa na sababu. Sababu hiyo ilikaa hapa hapa kwetu, ukumbini, juu ya meza yenye kitambaa.

Alifariki Jumanne ya wiki iliyopita, akiwa na umri wa miaka sabini na mmoja. Watu walimwita Mama Risasi. Msishtuke. Risasi yake haikuwa ya bunduki, ilikuwa ile laini ya kuchomelea waya. Kazi iliyompa mkate ilikuwa kupokea simu hospitalini, kwenye ile mitambo ya zamani yenye waya mia za kuchomekwa na kuchomolewa. Mafundi walipokuja kuitengeneza, yeye alisimama nyuma yao akitazama mikono. Mwaka wa tatu wakaacha kuja. Hapakuwa na haja tena.

Sasa tufike kwenye kiti.

Mwalimu mmoja wa muziki alikuwa akihama, akawa anagawa vitu vyake. Mama Risasi akarudi nyumbani akiwa na furaha, akamwambia mama yake mzazi, "Mama, nimepata kit!" Bi mkubwa akasikia kiti. Akafagia kona ya sebule, akasogeza kabati, akatulia kungoja. Kesho yake likaingia boksi lililooza pembe. Ndani mlikuwa na bati lenye matundu, valvu, yaani zile taa ndogo za kioo, zilizofungwa kwenye magazeti, na vijikapasita, vile vikopo vidogo vya kutunza umeme, ndani ya bahasha. Ilikuwa amplifaya ya zamani, chombo cha kukuza sauti, kilichouzwa vipande vipande ili ujiundie mwenyewe; Waingereza huita kit. Mwalimu alikuwa ameianza akaishia njiani. Bi mkubwa akaizunguka, akaitazama juu na chini. "Mwanangu, kiti gani hiki kisichokalika?"

Jina likanasa. Nyumba nzima ikawa inaiita kiti.

Mdogo wake wa kike, ambaye ni mshonaji na ndiye aliyeishi naye mpaka mwisho, anasema: "Mimi nakaa huku na cherehani, yeye kule na pasi yake ya kuchomelea. Mimi nashona magauni, yeye anashona umeme. Tulikuwa tunagombania taa ya mezani tu."

Miezi kumi na minne, wasikilizaji. Miezi kumi na minne, peke yake. Alikata waya moja moja, akazikunja pembe kwa ncha ya koleo, akazilaza pamoja na kuzifunga kwa uzi kila baada ya vidole viwili. Ndivyo alivyozoea kuona hospitalini. Ukigeuza amplifaya ile chini juu, utadhani mtu ameisuka nywele.

Nimesema peke yake. Lakini kila Jumapili alikuwepo mtu wa tatu. Kaka yao mdogo, kitinda mimba, aliyekuwa fundi katika kituo hiki. Alikuja, akanywa chai, akavuta stuli karibu na meza. "Endelea dada, nakuona." Mama Risasi alimweleza kila hatua. Alifurahi mno kuwa na mtu wa nyumbani anayeijua lugha hiyo. Kitinda mimba alikuwa akiitikia kwa kichwa.

Jumapili moja dada mtu alimwonyesha ukurasa wa kumi na nne wa kitabu cha maelekezo kilichokuja na boksi. Amplifaya hii ina pande mbili, kushoto na kulia, na pande hizo ni mapacha. Kila upande una kapasita yake, na kapasita ina kichwa na miguu. Ukiilaza kinyume, inapasuka. Kitabu kilichora ya kulia vizuri, ya kushoto kikaichora kichwa chini. Wiki tatu Mama Risasi alibishana na kitabu kile. Mwisho akamwambia kaka yake, "Kitabu kimekosea. Mapacha hawawezi kulala hivi." Kaka akaitikia kwa kichwa.

Mama Risasi hakuandika chochote pale ukurasani. Baba yao alikuwa amewakataza kuchora vitabu, na katazo lile halikumtoka mpaka uzeeni. Badala yake alichukua uzi wa manjano kwenye kikapu cha mdogo wake, akaufunga kwenye mguu wa kapasita ya kushoto. Maana yake: hapa usifuate kitabu.

Siku ilipowashwa, bi mkubwa aliketi mbele yake kabisa. Valvu zikapata rangi ya machungwa taratibu. Wakamsikia mwimbaji wa kwenye santuri akivuta pumzi kabla ya kuimba. Bi mkubwa akasema, "Haya, kimekalika."

Miezi miwili baadaye kituo hiki kilikuwa kikisherehekea miaka ishirini. Kitinda mimba akaja katikati ya wiki. "Dada, niazime kile kiti. Siku tatu tu. Watu wasikie sauti ya kweli." Dada akakifunga mwenyewe kwa blanketi lake.

Siku ya sherehe alikuja amevaa gauni jipya alilomshonea mdogo wake. Viti vya mbele vilikuwa vya wageni rasmi, vya nyuma vilijaa. Akasimama mlangoni. Mkurugenzi wa wakati ule akashika kipaza sauti, akasema: "Chombo hiki mnachokisikia ni kazi ya mikono ya fundi wetu hodari!" Makofi. Kitinda mimba akasimama. Mama Risasi akangoja. Alijua sasa atasema. Alishainua na kiganja, tayari kuficha tabasamu.

Kaka yake akamwona pale mlangoni. Akatazama viatu vyake mwenyewe. Kisha akainama kuwashukuru watu.

Mwezi ule akafanywa fundi mkuu. Amplifaya ikabaki ukumbini, na kibao cha shaba chenye jina lake kikapigwa skrubu nne. Siku tatu zikawa miaka kumi na tisa. Dada alipomuuliza, alijibu hivi, na mshonaji anakumbuka neno kwa neno: "Dada, hayo ni mambo ya kazini tu. Kwani mimi na wewe si kitu kimoja?"

Hapo ndipo redio tatu zilipoanza kuturuka.

Mwaka wa sita simu ililia. "Dada, kiti kimenyamaza. Kimetoa moshi." Akaja na mkoba wake na pasi yake. Getini akajitaja, "Mwambie fundi mkuu Mama Risasi amefika." Mlinzi wetu akarudi hatua mbili nyuma na kuomba kuukagua mkoba. Mama alicheka, wanasema. Hakucheka tena baada ya hapo.

Alikigeuza chombo chini juu. Uzi wa manjano ulikuwa umekatwa. Kapasita ya kushoto ilikuwa imegeuzwa, imelazwa sawasawa na ukurasa wa kumi na nne, na ilikuwa imepasuka. Kaka yake alikuwa amesahihisha kosa la dada.

Akamgeukia kaka yake. "Kumbe hukuwa ukinitazama," alisema. "Jumapili zote zile."

Mshonaji anasema hilo ndilo lililomuumiza dada yake kuliko kibao. Kuibiwa jina aliweza kuhesabu kuwa ni tamaa tu ya kaka yake. Lakini alikuwa amemfungulia mtu moyo wake miezi kumi na minne, na yule mtu alikuwa anakunywa chai.

Akatengeneza. Akafunga uzi mpya wa manjano. Mdogo wake alimfokea: kwa nini? Akajibu, "Amplifaya haijanikosea kitu." Akatoka kwa geti la nyuma, na hakukanyaga hapa tena.

Wiki iliyopita, msibani, mshonaji alimwomba kaka yao aseme ukweli mbele ya watu. Mara moja tu, kabla ya mazishi. Kaka mtu, sasa mstaafu, akasimama. Akasema marehemu alimsaidia kidogo.

Kidogo.

Kesho yake mshonaji alikuja hapa na kigurudumu cha mbao cha uzi wa cherehani, kikiwa na mabaki ya uzi wa manjano. Tukageuza amplifaya pamoja. Akauweka uzi wake kando ya ule uliofungwa ndani. Ulikuwa uzi ule ule. Sikuweza kumtazama usoni. Kila mwaka, siku ya kumbukumbu ya kituo, ni mimi niliyesoma kibao kile hewani. Mara kumi na nane. Sikuwahi kuuliza. Nilisoma kwa sauti nzuri kabisa.

Basi nasahihisha, na narudia ili isikike. Amplifaya ile iliundwa na Mama Risasi. Miezi kumi na minne. Peke yake.

Wasikilizaji wapendwa, tunatoa mkono wa pole kwa familia, kwa wafanyakazi wenzake wa hospitali, na kwa mdogo wake mshonaji. Kwa kaka wa marehemu, ambaye najua unasikiliza: pole nawe. Nafasi uliyokuwa nayo imeshazikwa. Sisi wengine, kabla hatujazima redio, tujiulize ni nani tulimwacha amesimama mlangoni huku tukipigiwa makofi yake. Kama bado yu hai, leo bado ni mapema.

Asubuhi hii tumefungua skrubu nne. Tumekifunga chombo kwa blanketi lile lile, lilikuwa bado kabatini, tukakirudisha. Mshonaji alikuwa ameshafagia ile kona. Saa nne akanipigia simu. Nilidhani atashukuru, na nilikuwa nimeshaandaa jibu.

"Kiti kimefika," alisema. "Mmekileta wakati mwenyewe kashachoka kusimama."

Akakata simu.