Bwana Alinitoa Ndani, Akanipandisha Milima ya Mabatini

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe na ninyi mliokaa, na ninyi mtakaosoma!

Mimi ni Mama Neema. Kwetu ni Uvira, Kongo. Shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo mnivumilie.

Mume wangu alipofariki, mdogo wake anayeitwa Faustin aliiuza nyumba yetu mimi nikiwa ndani. Ndiyo, namtaja! Faustin, na mkewe Esperansi aliyesimama mlangoni akicheka. Walileta vijana, wakanipiga mguu huu kwa nondo, vyombo vyangu wakavitupa barabarani. Na majirani walitazama tu.

Binti yangu Neema, aliyeolewa hapa Mwanza, akanichukua. Lakini ndugu zangu, nilikuwa nimeshakufa! Nilijifungia ndani. Nyuso za watu nilizichukia, maana ni nyuso zilizonitazama nikipigwa. Kanisani nilikaa benchi la nyuma, ibada ikiisha natangulia kutoka.

Daktari akasema mguu bila kutembea utakauka. Neema akanipa simu yake ya zamani. "Mama, huku Mabatini njia zinafanana, utapotea kwenye mawe. Kila unapokata kona, piga picha. Ukitaka kurudi, angalia picha."

Nikaanza. Nikapiga picha jiwe lenye ufa, mlango wa bluu, ngazi zilizovunjika. Asubuhi kwa asubuhi nikapanda juu zaidi. Siku moja nikageuka nyuma nikaliona Ziwa lote, jeupe kwa jua! Nikalia. Nikasema, Bwana, kumbe nchi hii uliiumba vizuri namna hii!

Sasa sikilizeni. Siku hiyohiyo, huko juu, nimeinua simu kwenye ukuta wa mtu, nikasikia:

"Wewe mama! Unapiga picha nyumba zetu kwa ruhusa ya nani?"

"Huyo katumwa! Kesho mtaona alama nyekundu ukutani, keshokutwa tingatinga!"

Wakanizunguka. Mimi niliyenyang'anywa nyumba, leo naitwa mbomoaji wa nyumba za watu! Niliona Uvira imerudi.

Akatoka bibi mmoja, Bibi Minza, mwenye ule ukuta. Nikamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Lete hiyo simu."

Akatazama picha moja moja, wenzake wakichungulia begani kwake. Mawe. Milango. Ngazi. Akaniuliza, "Mbona hakuna hata mtu mmoja? Mawe ndiyo yatakuitikia salamu?"

Nikashindwa kunyamaza. Nikayasema yote palepale, na jina la Faustin nikalitaja kwa sauti, mara ya kwanza tangu nije nchi hii. Halafu yule yule aliyesema nimetumwa akasema, "Huyo Faustin aje kuuza nyumba huku! Kabla hajamaliza hizi ngazi, pumzi imekwisha, tunamshusha kwa machela!"

Wakacheka. Na mimi nikacheka! Jamani, nilikuwa nimesahau kicheko changu kinavyosikika. Hapo ndipo Bwana alipokata kamba iliyonifunga. Si kwa radi. Kwa kicheko cha watu wa Mabatini!

Bibi Minza akasema, "Nipige mimi na nyumba yangu. Wakija wabomoaji kweli, niwe na ushahidi. Ngoja kwanza nivae kitenge." Nikamtazama usoni kwenye kioo cha simu, nikabonyeza. Uso haukuniumiza. Haleluya!

Tangu hapo natembea. Nimefika Kisesa, nimepanda mpaka Bujora. Nimepiga picha wachunga ng'ombe, nimepiga akina mama wanaoanika dagaa ufukweni, wakanigombeza eti nimewakata miguu, nirudie. Nikarudia! Usiku nalala.

Sitawadanganya: Faustin namwombea huku nimeuma meno. Siku nyingine namwombea mguu umuume kama wangu, halafu natubu. Bwana bado ananishughulikia. Lakini Faustin alichukua nyumba tu, ndugu zangu. Nchi hii Bwana amenipa kwa miguu yangu mwenyewe, na hakuna shemeji atakayeiuza!

Asante Yesu. Asante Neema. Asanteni watu wa mlimani.

Na wewe uliyejifungia, unayetoka kanisani kabla hujasalimiwa, nakujua, nimekaa benchi hilo. Mwamini Bwana kwa hatua moja tu, ya kutoka mlangoni. Jumamosi asubuhi nitakuwa pale ngazi za Mabatini zinapoanzia. Njoo tupande taratibu, mguu wangu wenyewe hauna haraka. Huko juu wanapenda kupigwa picha, na watakuuliza jina lako. Uwaambie.