Mabingwa wa Bastola ya Opal

Benchi letu liko mbele ya duka la Tackett, hapa Sallow Creek, Oklahoma, kati ya mashine ya barafu na magunia ya chakula cha kuku. Ndani Tackett anauza mbegu, kamba, chambo na bunduki. Nje anatuwekea birika la kahawa dirishani, bure, maana anajua kahawa ile hakuna mwenye akili angeinunua. Wanywaji ni wale wale. Yupo Msasa, ambaye kwa baba yake ni Wendell Pruitt, aliyepata jina la Msasa kwa sababu hajawahi kuona kitu kilicholainika vya kutosha. Yupo shemeji yake, Delbert Skaggs, tunayemwita Kengele. Akinong'ona, mbwa wa ng'ambo ya barabara wanaamka. Yupo Shemasi, ambaye si shemasi wa kanisa lolote. Alitolewa kwenye kwaya ya Wabaptisti kwa kuumaliza wimbo kabla ya wenzake. Na nipo mimi, Dira. Nimeendesha malori nchi tatu, nikapewa jina hili siku niliyopotea nikienda kwangu.

Alhamisi ile bastola ya Opal, mke wa Msasa, ilikuwa imelala juu ya taulo katikati ya benchi, haina magazini, slaidi, lile gamba la juu, imevutwa nyuma. Desturi yetu ni moja: anayeishika anachungulia chemba ya risasi kwanza, hata kama mwenzake amechungulia sasa hivi na wewe ulikuwa unamtazama. Kwa hiyo Shemasi alichungulia, akampa Kengele. Kengele akachungulia, akanipa mimi. Nikachungulia. Msasa, mwenye mali, akaipokea na kuchungulia kama vile tungeweza kumwekea risasi kwa ulimi.

Kengele: Nimesema na nitasema tena. Dunia ingetulia kama kila mtu angekuwa na ishirini na mbili, bastola ya risasi ndogo, ya saizi ya kati. Ya mfukoni inateleza kama sabuni. Kubwa unaibeba kama mtoto aliyelala. Ya kati inajaa mkononi, basi.

Shemasi: Na risasi yake ina adabu. Binamu yangu wa Tulsa ana lile dude lake, ukifyatua unasahau jina lako. Hii inasema pap, inanyamaza, inakuachia nafasi ya kufikiri.

Dira: Nafasi ya kufikiri ndiyo inayonikosesha mimi.

Kengele: Wewe Dira unakosa hata ukitupa jiwe ziwani.

Msasa: Acheni porojo. Jumamosi ni keshokutwa.

 Jumamosi ya kwanza ya Oktoba ni siku ya sahani: sahani za chuma zinapangwa bondeni nyuma ya kituo cha zimamoto, watu wanazipiga kwa zamu, halafu tunakula kambare wa kukaanga mpaka tunaona aibu. Miaka mingi siku hiyo ilikuwa ya Opal. Alikuwa anasimama pale na aproni yake ya pai, pap pap pap, sahani zote zinalia, anarudi jikoni kabla siagi haijayeyuka. Mwezi wa nne akapata kiharusi kidogo. Ulimi ulirudi, miguu ikarudi, mkono wa kulia ukabaki umelegea. Akaiweka bastola kwenye droo. Msasa akaitoa. Mama, akamwambia mkewe, nitakutengenezea hii mpaka isihitaji nguvu hata kidogo. Tangu siku ile hajaacha kuitengeneza, na sisi hatujaacha kumshauri.

Msasa: Nimelainisha triga mpaka basi. Nimemchongea mpini wa mti wa jozi, huu hapa, una ngazi ya kulaza kidole gumba na uvimbe wa kujaza kiganja. Wiki tatu nimeupiga msasa.

Shemasi: Bandu bandu, huisha gogo.

Dira: Shemasi, akiendelea hivyo ataisha yeye, si gogo.

Msasa: Lakini juzi usiku kaniambia, Wendell, iuze tu. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayesema zima taa. Sasa mimi nikiiuza, yule harudi tena bondeni, najua. Ndiyo maana nawauliza, kimebaki nini?

Kengele: Nukta nyekundu! Nilisema tangu Juni. Unatoa vilengeo vya chuma, unaweka kile kioo kidogo cha betri. Mtu haoni sijui mbele sijui nyuma, anaona nukta. Nukta ikikaa kwenye sahani, unafyatua.

Msasa: Mkono unatetemeka, shemeji. Nukta itacheza kama nzi kwenye dirisha.

Kengele: Basi tunazuia mtetemeko. Mtutu mzito. Uzito mbele unatuliza.

Shemasi: Sema hapo. Haba na haba hujaza kibaba. Unaweka mtutu mzito, chini yake unaning'iniza kipande cha madini ya risasi ya kuvulia samaki, na kingine, na kingine.

Dira: Mimi nina vyuma vya kusawazishia magurudumu ya lori.

Msasa: Mkono umelegea, nyie mnaniongezea vyuma?

Kengele: Ndiyo, lakini hataubeba yeye. Sikiliza. Mkanda begani, kutoka kwenye mkanda inashuka springi, springi inaishika bastola kwa juu. Yeye anaelekeza tu.

Shemasi: Springi gani?

Kengele: Ya mlango wa wavu. Tackett anazo ndani.

Dira: Akiachia itampiga kidevuni.

Shemasi: Anavaa kofia ya zimamoto. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hiyo kofia tuipake rangi ya firuzi, na bastola nayo firuzi, vifanane. Opal anapenda vitu vifanane.

Kengele: Mimi ni kaka yake. Opal hapendi firuzi.

Shemasi: Sofa lake la rangi gani?

Kengele: Lile alinunua Wendell.

Msasa: Jamani.

Shemasi: Haya, tuache mkanda. Miguu mitatu ya kupigia picha. Unaifunga bastola juu yake, chini unatia magurudumu, anaisukuma kutoka sahani hadi sahani.

Dira: Na breki, maana pale bondeni kuna mteremko.

Kengele: Na kengele ya kuwaonya watu.

Shemasi: Hapo si bastola tena. Hapo ni baiskeli.

Tulicheka, nakiri, na mimi nilicheka zaidi kwa sababu ya breki. Msasa hakucheka. Alikuwa ametoa kipande cha msasa mfukoni na analainisha ile ngazi ya kidole gumba ambayo nzi akitua angeteleza.

Dira: Wendell, umewahi kumpa aishike?

Msasa: Bado haijaisha.

Dira: Hata kidogo?

Shemasi: Fundi haonyeshi koti lenye mkono mmoja. Na wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Tuendelee.

Gari lililopakia nyaya za uzio likaegeshwa. Akashuka mama mmoja wa makamo, buti za mpira, nywele amezifunga kwa kamba ya kufungia majani. Alisema anaitwa Nadine Coyle, amehamia shamba la marehemu Hobart, anataka chakula cha kuku wa mayai. Tulimwambia Tackett yuko ndani kwenye simu, anagombana na mtu wa mbegu, asubiri kidogo. Tukamkaribisha kahawa. Alinusa birika, akasema asante, amekunywa. Macho yake yakaangukia taulo.

Nadine: Naweza?

Msasa: Karibu.

Akaiokota kwa mkono wa kushoto, mtutu kauelekeza ardhini, akachungulia chemba. Wote tukainamisha kichwa kwa heshima, kama kwaya. Halafu akaikamata vizuri na kukunja uso.

Nadine: Imechongwa vizuri sana. Lakini inanifukuza. Kama nimekalia kiti cha mtu.

Kengele: Wewe ni wa kushoto, mama. Huo mpini ni wa mtu wa kulia.

Nadine: Ni ya nani?

Msasa: Ya mke wangu. Alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalegea. Ndiyo maana tunauhangaikia hivi.

Nadine: Pole sana, baba. Sasa anatumia mkono gani?

Msasa: Wa kulia. Ni mtu wa kulia tangu azaliwe.

Kengele: Nathibitisha. Ndio ulionizaba makofi utotoni.

Nadine: Siulizi alivyozaliwa. Leo asubuhi kahawa yake ameikorogea mkono gani?

Swali lenyewe ndilo hilo. Mtoto angelijibu.

Msasa aligeuka. Akamtazama Kengele. Kengele, kaka wa damu, aliyefika nyumbani kwa dada yake Jumatatu na akaondoka na sahani iliyofunikwa, akamtazama Shemasi. Shemasi hula pai ya Opal kila Jumapili baada ya ibada. Nikaona anajaribu kuikumbuka ile pai ikija mezani, kisu kinaikata, kipande kinapanda, lakini mkono hakuuona. Akanitazama mimi. Mimi wiki iliyopita Opal alinifungulia mlango na kunishika mkono kunisalimu. Nikaangalia viganja vyangu, kimoja, cha pili. Havikuniambia kitu.

Msasa: Mimi kahawa nakunywa hapa.

Alisema polepole, na nadhani hakuwa anamwambia yeyote.

 Mama Nadine aliirudisha bastola juu ya taulo, akasema Jumamosi atakuja kuona hizo sahani. Tackett akatoka, akambebea gunia lake, gari likaondoka.

Msasa akatoa bisibisi ndogo kwenye mfuko wa shati. Akaufungua ule mpini wa jozi, skrubu moja moja, akautua benchi. Chini ya benchi ana kopo la kahawa anamoweka vile alivyovitoa. Akapekua humo mpaka akapata vibao vya zamani vya mpini, vya plastiki, bapa, vyeusi, vilivyochakaa pande zote mbili, visivyojali umevishika kwa mkono upi. Akavirudisha. Akaiviringisha bastola kwenye taulo.

Kengele: Mpigie simu umuulize.

Msasa: Hili siyo la kuuliza kwa simu, shemeji. Hili ni la kuangalia.

Akaondoka, kikombe chake akakiacha kimejaa. Hilo halijawahi kutokea.

 Shemasi akauokota mpini wa jozi, akaugeuza, akapitisha kidole kwenye ngazi ya kidole gumba.

Shemasi: Unajua, huu tukiuchonga upya kwa mkono wa kushoto...

Kengele: Shemasi.

Shemasi: Naam.

Kengele: Weka chini.

Kesho yake nafasi ya Msasa ilikuwa wazi. Tackett alichungulia dirishani akauliza kama anaumwa. Kengele akasema hapana, anakunywa kahawa kwake. Alisema kwa sauti ya kawaida ya binadamu, mpaka Tackett akamuuliza na yeye kama anaumwa.

Jua lilipopanda juu ya tangi la maji tukasikia kitu kutoka bondeni, nyuma ya kituo cha zimamoto. Pap. Kamlio kadogo, ka adabu. Tukasubiri chuma kilie. Hakikulia.

Pap. Kimya.

Halafu kimya kirefu, cha mtu anayejipanga upya miguu, anayehamia jicho la kushoto, anayejifunza kitu alichokuwa bingwa wake.

Pap. Kimya.

Shemasi: Anapiga chini. Mimi ningekuwa pale, kile kilengeo cha nyuma...

Kengele: Shemasi, kunywa kahawa.

Shemasi: Imekwisha.

Kengele: Basi kunywa kikombe.

Pap.

Sahani ikalia. Mbwa wa ng'ambo ya barabara wakaamka, na safari hii Kengele hakuwa amesema kitu.