Walichokasirikia Waya Uchi

Benchi letu liko nje ya duka la kinyozi, upande unaopata kivuli asubuhi. Kinyozi ni mimi. Nikikosa kichwa cha kunyoa, nakaa na wenzangu. Mama Kahawa huweka jiko lake pembeni, na wateja wake wa kudumu ni Spana, fundi magari; Wakili, ambaye hajawahi kusimamia kesi ila hakubali jambo mpaka alipinge kwanza; na Besi, fundi makochi wa mlango wa pili, ambaye huja na kazi yake mkononi. Ujanani Besi alipiga gitaa la besi katika Waya Uchi, kundi la roki lililovunjika likiwa bado lina jina. Walikaa kimya mpaka wakaoa na kuozesha. Sasa wamerudi na albamu mpya, na asubuhi hiyo Wakili alifika na gazeti lenye uhakiki wake.

— Soma basi, — Spana alimwambia. — Umelikumbatia kama mtoto mchanga.

Wakili alivaa miwani, akamtazama Besi.

— Nisome mbele yako?

— Soma tu. Nimeshaambiwa, — Besi alijibu. Alikuwa anapaka gundi mgongo wa kiti, kikombe chake cha kahawa kikiwa kando.

Wakili akasoma:

— "Waya Uchi wamerudi wakiwa wastaarabu. Magitaa yamepangika, sauti imetulia, besi inatembea kama mtu anayekwenda ibadani. Lakini ile hasira iliyotufanya tuwapende haimo. Hii ni albamu ya watu waliosameheana, na msamaha hauchezeki."



— Hapo amesifu au ametukana? — Spana aliuliza.

— Amewapaka mafuta kwa mgongo wa chupa, — Wakili alijibu.

— Mbona redioni jana walisema wamepevuka?

— Kupevuka ni lugha ya redio. Maana yake wamezeeka.

— Mwenzenu anakunywa kahawa, — Mama Kahawa alisema. — Mwacheni ameze kwanza.

Besi hakuonekana kuumia.

— Mimi nimeshasemwa sana, dada. Shida ni mwimbaji wetu. Amelisoma hilo gazeti akanipigia simu. Anasema Jumamosi hapandi jukwaani. Kama watu wanataka hasira, wakatafute vijana.

— Na onyesho? — nikamuuliza.

— Bila yeye hakuna onyesho. Na tukivunjika safari hii, ndiyo basi tena. Hatuna umri wa kurudi mara ya pili.

Hapo kila mtu akaanza kutafuta hasira ya Waya Uchi ilikokwenda.

— Studio za siku hizi zina chujio, — Spana alisema. — Kama la oili. Mtu anapiga kelele huku, kule inatoka sauti safi. Hasira yenu imebaki kwenye chujio, kamwambieni fundi alifungue.

— Acha hizo, — Wakili akapinga. — Hasira ilikuwa ya mhakiki mwenyewe. Zamani alikuwa kijana, ameachwa na mchumba, anakuja kwenye maonyesho anaruka. Leo ana mke, analala vizuri, halafu anawalaumu hawa.

— Au anayeimba si yeye, — Spana alidakia.

— Ni nani?

— Mdogo wake.

— Ni kitinda mimba, hana mdogo, — Besi alisema.

— Basi kampuni imeificha hasira makusudi, — Wakili akaendelea. — Watu waililie kwanza, ndipo iitoe kwenye albamu ijayo.

Mama Kahawa alikuwa anasuuza vikombe.

— Mwimbaji wenu ana meno ya kubandika, — alisema. — Mtu hawezi kukasirika vizuri huku anaogopa meno yatadondoka.

Besi aliacha kupaka gundi.

— Hayo ya meno umeyajuaje?

— Nimeusikiliza wimbo. Kila penye "s" anapita kwa tahadhari.

Besi akacheka mpaka akaweka brashi chini. Tulikuwa hatujamwona akicheka tangu wiki ianze.

Muda huo alikuwa amefika mama mmoja, mgeni kwetu, na kiti cha meza ya chakula kilichochanika kitambaa. Alikikalia mwenyewe akingoja kuhudumiwa, akasikiliza. Kicheko kilipotulia akamgeukia Besi.

— Samahani, kaka. Hiyo hasira ilikuwa ya nini?

— Vipi?

— Nasikia mnaitafuta. Mlikuwa mmekasirikia nini mpaka mkaachana?

Spana alisema anadhani ilikuwa habari ya gari. Wote tukamtazama Besi.

— Gari liliharibika njiani, tukienda kupiga mji mwingine, — alisema taratibu. — Mimi nikataka tulale pale, mwimbaji akataka tuendelee. Au mimi ndiye niliyetaka tuendelee. Mpiga ngoma alikuwa amekaa juu ya spika anakula ndizi. Nilichukua gitaa langu nikaondoka kwa miguu. Hayo nayaona kabisa. Maneno tuliyoambiana siyakumbuki.

— Na hamkusemezana tena? — mama yule aliuliza.

— Hata harusi ya binti yangu sikumwalika.

Besi alijifuta mikono kwenye aproni, lakini gundi haikutoka, akaniomba nimpigie mwimbaji na kumshikia simu. Nikaweka sauti ya nje.

— Kama ni habari ya Jumamosi, nimeshasema, — mwimbaji alianza.

— Si Jumamosi. Siku ile ya gari, tuligombania nini?

Upande wa pili kulikuwa na mtu anasogeza sufuria.

— Kwani wewe hukumbuki?

— Sikumbuki.

— Mimi nilidhani wewe unakumbuka, — mwimbaji alisema. — Ndiyo maana sikuwahi kukuuliza.

Hakuna aliyekata simu. Nilisimama pale nimeishika mpaka mkono ukachoka, ndipo mwimbaji akauliza Jumamosi wanatakiwa wafike saa ngapi.

Jumamosi walipanda jukwaani wote wanne. Nilikuwa karibu na jukwaa. Katikati ya onyesho mwimbaji alimwinamia Besi, akamwambia kitu sikioni. Besi akatikisa kichwa, wakaendelea.

Kesho yake nilimuuliza aliambiwa nini.

— Aliniuliza kama nimekumbuka.