Mvinyo wa Kuku: Kwaheri kwa Phelista Nasimiyu

Bi. Phelista Nasimiyu, mnunuzi wa vinywaji wa Hoteli ya Mwamba Mwekundu, Kitale na Bungoma, anastaafu leo, Ijumaa tarehe 27 Juni 2025, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi. Waandalizi wa sherehe waliniomba niandike wasifu mfupi wenye adabu. Ufupi nimejaribu. Kuhusu adabu, nimefanya kazi na Mama Phelista muda mrefu mno kuweza kuahidi chochote.

Tuanze na lile ambalo kila mfanyakazi amekuwa akilinong'ona jikoni tangu mwaka jana. Akiondoka yeye, nani atachagua mvinyo? Makao makuu ya Nairobi yalisema watachagua wao, kwa matawi yote, ili mambo yafanane. Mama Phelista alisema hapana. Wasifu huu ni hadithi ya hiyo hapana, na niseme mapema kwamba mimi niko upande wake.

Alizaliwa Kimilili, akaolewa Kitale, na mwaka 1993 akaajiriwa kuosha glasi. Husema kwamba alijifunza mvinyo kwa pua kabla ya ulimi, kwa sababu alikuwa akinusa kila glasi kabla ya kuitia majini. Wenzake walimcheka. Kutoka kwenye karai la glasi alipanda hadi kaunta, kutoka kaunta hadi stoo, na tawi la Bungoma lilipofunguliwa akapewa kazi ya ununuzi wa vinywaji vya nyumba zote mbili. Rafu aliyorithi ilikuwa na mvinyo mwekundu mtamu wa boksi, mvinyo mwekundu mtamu wa chupa, na vumbi.

Siku moja ajenti wa vinywaji alituletea sanduku la mvinyo mweupe kutoka Sisili, kile kisiwa cha Italia kinachopigwa na jua karibu mwaka mzima. Alikiri wazi kwamba sanduku hilo lilikuwa limekataliwa Eldoret. Alisema watu wa huku wanataka tamu tu, na kwamba kama tungependa, tungeutumia kupikia. Mama Phelista alifungua chupa moja, akanusa, akaonja, akatema. Kisha akamwambia ajenti alete masanduku mengine, na asirudie tena kumwambia watu wa huku wanataka nini.

Hilo la watu wa huku lilimuudhi, na linamuudhi hadi leo. Hoja yake ni rahisi. Mtu aliyelelewa kwa mursik, maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu, hawezi kuogopa uchachu. Mtu aliyekula saga, ile mboga chungu, tangu hajaota meno hawezi kutishwa na uchungu kidogo mwishoni mwa glasi. Na kwa nini Mbukusu ambaye babu yake alionja busaa, pombe ya kienyeji, na kujua kama imeiva au bado, aambiwe na mtu wa mjini kwamba hana ulimi? Tulizoea kuisikia hotuba hii kila alipokuja ajenti mpya. Wengine wetu tuliweza kuimalizia.

Kuhusu uchaguzi wenyewe, alitufundisha wahudumu wote, tukitaka tusitake. Tulidhani kisiwa chenye jua kali lazima kitoe mvinyo mzito na mtamu. Alitupeleka kwa mahindi. Mahindi ya Endebess, kule juu kwenye ubaridi wa mlima, huchelewa kukomaa, na punje yake huwa nzito. Ya tambarare hukimbia kuiva. Zabibu nazo ni vivyo hivyo. Zile za tambarare za Sisili huiva haraka na kupoteza ukali wake, lakini zile za mashamba ya juu, kwenye miteremko ya mlima wao wa moto, hulala kwenye baridi na kubaki na makali. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza jina la mvinyo, aliuliza shamba liko juu kiasi gani, na kama upepo wa bahari unalifikia. Baadaye aliangalia mwaka wa mavuno, kwa sababu mvinyo mweupe wa namna hii haufai kuzeeka ovyo. Mwisho aliangalia kizibo. Kizibo kilichosukumwa juu kilimwambia kwamba chupa imechomwa na jua mahali fulani kati ya Mombasa na Moi's Bridge, na hapo hata ajenti angelia machozi, lori liligeuza.

Zabibu ya Grillo aliipangia samaki na ndimu. Catarratto aliipangia kuku. Ile ya mlimani, Carricante, aliiweka kwa wageni ambao hawana haraka. Sisi watu wa Bungoma, ambao ulimi wetu haujawahi kuamua kati ya l na r, tuliteseka sana na majina hayo. Mwenzetu Wakoli alitamka Gliro kwa miaka, na wateja wake wakaagiza Gliro, na sasa ajenti mwenyewe anasema Gliro. Mama Phelista hakumsahihisha. Alisema mvinyo hausikii jina lake, unasikia baridi ya friji tu.

Kanisani hali haikuwa nyepesi. Kanisa lake halina mchezo na pombe, na akina mama wa kikundi chake walimwita wamuulize. Hakujificha. Aliwaambia kwamba anaonja na kutema, kwamba katika maisha yake yote hajawahi kulewa, na kwamba kama kuna yeyote miongoni mwao ambaye mumewe anaweza kusema hivyo, asimame. Hakuna aliyesimama. Alirudi kwenye kiti chake na bado ndiye mweka hazina wa kikundi.

Sasa nifike kwenye neno lililompa jina.

Makao makuu yaliwahi kututumia menyu mpya za Kiswahili. Zilikuwa nzuri, karatasi inang'aa. Kwa mvinyo usio na sukari, mtafsiri wao alikuwa ameandika "mvinyo mkavu mweupe". Huenda huko kwao neno hilo halina shida. Lakini huku kwetu kila mtoto anajua kavu ni nini. Chai kavu ni chai isiyo na mkate. Ugali kavu ni ugali usio na mboga. Kumkaribisha mgeni kwa kitu kikavu ni kumwambia kwamba hukumtarajia, au kwamba ulimtarajia na bado hukujali.

Wiki hiyohiyo, Mzee Barasa wa Bungoma alikuwa na wakwe watarajiwa. Bintiye alikuwa ameposwa na kijana wa Moi's Bridge, na ukoo wa kijana, ukiongozwa na Mzee Kibiwott, ulikuja kwenye tawi letu la Bungoma kwa mazungumzo ya kwanza. Jikoni kuku walikuwa wamechelewa. Wakoli, kwa moyo mweupe kabisa, aliona awachangamshe wazee kwa kitu baridi wakati wakisubiri. Akaweka chupa mezani, akasimama wima kama alivyofundishwa, akatangaza, "Wazee, huu ni mvinyo mkavu. Mkavu kabisa."

Mzee Kibiwott aliitazama meza. Hapakuwa na sahani hata moja.

"Ati mkavu?" akauliza. "Yaani tumetoka Moi's Bridge mpaka hapa, na tunapewa kitu kavu?"

"Ni mzuri, mzee," Wakoli akasema. "Ndio kavu kuliko zote tuko nazo."

Wazee wa Moi's Bridge walianza kutafuta kofia zao. Mzee Barasa alikuwa amekauka pale kwenye kiti, na mkewe, Mama Nelima, alikuwa ameshika kichwa. Ndoa ya watu wawili ilikuwa inaondoka kwa sababu ya neno moja la mtafsiri.

Mama Phelista alikuwa stoo, amekuja kukagua friji. Aliposikia viti vikisogezwa alipitia jikoni, akachukua sinia ya kuku wa kienyeji iliyokuwa imepakuliwa kwa meza ya waheshimiwa fulani, akaibeba mwenyewe hadi kwa wazee. Aliweka sinia katikati, akaisogeza chupa hadi ikagusa sahani.

"Wazee, mtusamehe," akasema. "Huyu kijana amekosea jina. Hii inaitwa mvinyo wa kuku. Haiwezi kutoka kama kuku hajatoka. Kwanza kuku, halafu yeye."

Mzee Kibiwott alikula. Kisha akanywa, uso ukakunjamana kidogo, akanywa tena.

"Ni kali," akasema. "Lakini inaosha mafuta. Hii iko sawa bana."

Kofia zikarudi chini. Waheshimiwa walisubiri kuku wao, jambo ambalo naambiwa halikuwaua. Vijana wale walioana Desemba, na mezani palikuwa na unachojua.

Kesho yake Mama Phelista alichukua kalamu, akapita kwenye kila menyu ya Bungoma na Kitale, akafuta "mkavu" na kuandika kwa mkono "mvinyo wa kuku". Kwa Grillo akaandika "mvinyo wa samaki". Makao makuu walipopata habari walipandwa na hasira. Walisema neno la kitaalamu ni mkavu, na kwamba tunafanya hoteli ionekane kibanda. Aliwajibu kwa simu, mbele yetu, kwamba neno la kitaalamu lilikuwa karibu kumkosesha msichana mume, na kwamba wakituma menyu nyingine atanunua kalamu nyingine. Walituma. Alinunua. Wengi tulidhani angemwaga unga mwaka huo. Badala yake mvinyo mweupe ulianza kuisha kabla ya mwekundu, kwa sababu hatimaye watu walijua waunywe na nini, na makelele kutoka Nairobi yakapungua bila mtu kukiri lolote.

Ndiyo maana habari za mwaka jana zilituchoma. Kusema mambo yafanane ni neno zuri sana mpaka ujue linalofanana ni nini. Orodha ya mfano tuliyoonyeshwa ilikuwa na mvinyo mtamu mwekundu, mwingine mtamu mwekundu, na mweupe mmoja tu, mtamu vilevile. Sisili haikuwemo. Yaani kazi yote ya mwanamke huyu ingefutwa siku ya keki yake ya kuagwa, na tungeombwa tupige makofi.

Mama Phelista alilivalia njuga jambo hilo. Alipopewa likizo yake ya mwisho alikataa kuichukua, akaendelea kufika kazini kila asubuhi na funguo za stoo shingoni. Alisema hazitoki hapo mpaka achaguliwe mtu wa hapahapa wa kushika kazi, na mtu huyo alikuwa amemtaja tayari: Judy Jelimo, msaidizi wake wa stoo, binti wa wakulima wa mteremko wa Elgon, ambaye alikuwa ameonja na kutema pamoja naye kwa miaka kumi. Mwezi Machi mkurugenzi alikuja mwenyewe Kitale kuzichukua funguo. Alikuwa mpole, lazima niseme. Alieleza kuhusu mfumo mpya, akanyoosha mkono.

Mama Phelista alizivua, akamwekea mkononi.

"Funguo ni zako," akamwambia. "Ulimi ni wangu, na huo nimeshampa Jelimo. Sasa ukifungua stoo, utaonja na nini?"

Mkurugenzi alicheka, lakini hakupata wa kucheka naye. Wahudumu wote wa zamu, pamoja nami niliyekuwa nimepanda kutoka Bungoma kuchukua vinywaji, tulikuwa tumesimama pale mlangoni na trei zetu, na hatukuwa tumeitwa. Meneja wetu wa Kitale, ambaye si mtu wa maneno mengi, alisema kwamba yeye pia angependa jibu. Mwishoni makao makuu wakakubali shingo upande kwamba Jelimo ashike kazi ya kuchagua, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Mwaka mmoja, wamesema. Tutaonana nao mwakani, na trei zetu.

Mafanikio mengine ya Mama Phelista ni mengi, na waandalizi wanataka niyataje: hajawahi kukosa hesabu ya stoo, amefundisha wahudumu wa nyumba mbili kufungua chupa bila kuishika kama jogoo wa kuchinjwa, na watoto wake wote wamesoma. Nayataja. Lakini la kwangu ni la mwezi uliopita, na nililiona kwa macho yangu.

Ajenti alileta mavuno mapya ya kisiwa. Miongoni mwao palikuwa na Catarratto ya shamba lilelile ambalo Mama Phelista amekuwa akinunua mvinyo wake tangu mwanzo, mvinyo wa kuku wenyewe. Alionja, akaitikia kwa kichwa, akampisha Jelimo. Jelimo alinusa, akaonja, akatema, akanusa tena.

"Hii hapana, Mama," akasema. "Ya mwaka huu imechoka. Siichukui."

Ajenti alitabasamu, akamgeukia mkubwa. Mama Phelista alionja mara ya pili.

"Mimi naona iko sawa," akasema.

"Mimi naona haiko," Jelimo akasema. Akaiweka glasi mezani. "Na sasa anayechagua ni mimi."

Nilimtazama Mama Phelista. Nimemwona akipigana na mawakala, akina mama wa kanisa, watafsiri na mkurugenzi, lakini siku ile ndiyo ya kwanza kumwona akishindwa. Kisha uso wake ukafunguka kwa furaha ambayo sijui niieleze vipi. Akamgeukia ajenti.

"Umemsikia," akasema. "Rudisha."

Mama Phelista, asante kwa kila hapana. Tunakuombea afya, miaka ya kutosha ya kukaa na wajukuu, na jirani anayefuga kuku wa kienyeji. Uishi vyema. Na siku utakapokuja kula kwetu, Kitale au Bungoma, tutakupa meza nzuri kuliko zote, na utakunywa atakachochagua Jelimo.

Kevin Wabwile, mkuu wa wahudumu, Bungoma