Hashuki na Mguu Uliovimba

Madereva wenzake wa lori walimbandika jina Hashuki, na jina lilimstahili: akishika usukani, hashuki mpaka mzigo ufike. Hata maji hanywi, asije akasimama njiani kujisaidia. Asubuhi hiyo alifika kwenye benchi la kahawa, pembeni ya gereji, akiburuta mguu wa kushoto. Shavu la mguu limevimba, lina joto, linauma. Saa nne anatakiwa aondoke tena. Moyoni aliogopa, ila mwanaume kama yeye angemwambia nani?

— Masaa kumi na sita, jamani, sijakanyaga chini! alijigamba. Nani mwingine hapa anaweza?

— Hakuna! alisema Profesa, fundi redio. Ila huo mguu ni upepo wa dirishani. Haba na haba hujaza kibaba. Umeingia kidogokidogo mpaka umejaa.

— Upepo gani, wewe! alidakia Kocha, mwalimu wa timu ya mtaa. Hizo nyama zimepishana njia. Samaki mkunje angali mbichi. Lete mguu niukunje, kisha niuchue.

— Si ndivyo ulivyomchua golikipa wako, akaacha mpira? Profesa alimtania.

— Aliacha kwa sababu alioa!

Kocha akamimina mafuta kiganjani.

— Usiuguse!

Alikuwa binti wa Hashuki, muuguzi, ndiyo kwanza anatoka zamu, sare bado mwilini. Akachuchumaa, akailinganisha miguu yote miwili, akaupapasa ule uliovimba kwa ncha za vidole.

— Baba, ukikaa muda mrefu hivyo, tena bila maji, damu inaweza kuganda ndani ya mshipa. Nahofia ni bonge la damu. Likichuliwa likachomoka, linakimbilia mapafuni, tukuzike. Twende hospitali sasa hivi wapime mshipa kwa picha. Likiwa bonge kweli, utapewa dawa ya kuzuia lisikue.

— Na safari yangu?

Binti aliwageukia wale wawili.

— Kila siku mnamsifu, baba zangu. Nani kati yenu amewahi kumwambia apumzike?

Profesa akachungulia kikombe chake. Kocha akajifuta mafuta kwenye suruali.

Hashuki alimtazama mwanawe alivyowanyamazisha wanaume wazima, kifua kikamjaa fahari. Safari zote zile, alikuwa akimsomesha huyu. Akatoa funguo za lori, akampa Profesa.

— Mpelekee bosi. Mwambie leo naendeshwa na binti yangu. Na usisahau kumwambia ni muuguzi!