Ua wa Mzee Kiraka

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki mliofika hapa, mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu, ndugu zangu wamenipa kazi ya kuwasomea maisha ya baba yetu, nami nawaomba mnivumilie, kwa sababu karatasi hii nimeiandika mara tatu, na mara mbili za kwanza niliiruka sehemu inayonihusu.

Baba alizaliwa tarehe 14 Machi 1948, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa wa nne kati ya watoto saba wa mtu aliyekuwa akipaka rangi mabehewa ya treni, alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1956 hadi 1963, akapata cheti cha useremala katika chuo cha ufundi Novemba 1967, na tarehe 2 Januari 1969 aliajiriwa kuwa fundi wa matengenezo katika chuo cha ualimu, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2003, na wenzake wako hapa, wanajua kwamba hakuacha bawaba hata moja ikilia.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na mama yetu, fundi cherehani, aliyetutangulia mwaka 2011, wakajaliwa watoto watatu, mimi, dada yangu na mdogo wetu wa mwisho, na nyumba hii tuliyokaa mbele yake wakaijenga chumba kwa chumba, kuanzia 1979 hadi 1986.

Jina la Kiraka alipewa na wanafunzi wa chuo, naye akalipokea kama cheo, maana hakutupa kitu kinachozibika, Jumamosi moja ilikuwa ya paa, nyingine ya milango, nyingine ya bustani, maji ya kufulia aliyachuja kwenye pipa la mchanga yakanywesha maua, maganda ya jikoni aliyageuza mboji, uzio aliuunga kwa vyuma vya vitanda vilivyotupwa na chuo, na hakuwahi kununua mche, kila mmea aliuomba kwa jirani na kuuita kwa jina la aliyempa, waridi la Mama Mwalimu, mlimau wa dereva, hata mama akawa anamtania kwamba siku akigombana na jirani, mmea wake utalala na kiu. Waliomwita bahili aliwajibu akicheka, “Bahili huiacha nyumba ianguke ili asitoe kitu, mimi natoa mkono wangu.”

Sisi watoto tulimwonea haya, na mimi zaidi ya wenzangu, nilikuwa nimepata cheo kazini, nikija kumsalimia naegesha gari kule kwenye kona, ili nikiwa na mtu asivione vile vitanda.

Tarehe 21 Februari 2022 baba alipasuliwa nyonga, akalazwa wiki tatu, wakubwa wangu wa kazi wakaniambia kwamba akitoka watakuja kumjulia hali, nami nikaleta vibarua. Dada alinipigia simu, “Kaka, si usubiri arudi umuulize?” nikamjibu, “Akirudi atakataa, kwani wewe humjui?” na kwa siku nne waling'oa waridi, mlimau na vyote vilivyoota, wakapakia lori uzio, mapipa na makopo yake ya misumari, wakatandika vitofali vya saruji ua mzima.

Alirudi tarehe 15 Machi, akasimama getini na mkongojo wake, nikamwambia, “Baba, tumekupunguzia kazi,” naye akasema, “Ahsante, mwanangu,” kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza njia, “Sasa Jumamosi nitafanya nini?” Nikaenda kupokea simu ambayo haikuwa imelia. Wakubwa wangu wenyewe hawakuja.

Mvua za Aprili ziliponyesha, maji hayakuwa na pa kuzama, yakaingia sebuleni, akanipigia simu, nikamwahidi fundi wiki ijayo, na wiki hiyo moja ikawa tatu, hata nilipokuja nikamkuta amepiga magoti na nyonga ile ile, anachimba mfereji kwa tindo katikati ya vitofali vyangu, nikamkaripia mzee wa miaka sabini na minne, “Baba, unaharibu kazi ya watu!” naye akasema tu, “Maji hayajui kazi ya nani, mwanangu.”

Agosti 2023 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, alilazwa mara mbili, na tarehe 11 Oktoba 2024, saa mbili asubuhi, alifariki mikononi mwa dada. Madaktari walisema moyo ule ulikuwa umechoka siku nyingi, hivyo sisemi kwamba ua ndio uliomuua.

Ninalolisema nimelijua juzi tu, Mama Mwalimu alipokuja kutupa pole, akakaa, akaniambia, “Nilimnunia baba yako mwaka mzima, nilimuuliza waridi langu liko wapi, akasema ameling'oa mwenyewe, amechoka kupalilia.” Nimeulizia, na kila jirani aliambiwa hivyo hivyo, baadhi yenu mkaacha kupita kwake, naye akakubali kuonekana mtu asiyejali zawadi, ili mimi nisionekane nilivyo.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wafanyakazi wenzake wa chuo waliobeba jeneza lake, na ninyi majirani, ambao asubuhi hii nimewaona mkitupa macho uani mkitafuta mimea yenu, naomba mjue kwamba baba hakuchoka kupalilia hata siku moja, aliyechoka ni mimi, nilichoka kujulikana kuwa mtoto wake, na leo ndilo jina pekee ninalolitaka.

Nisamehe, baba, nawe upumzike kwa amani.