Mabega Yaliyomkataa Kétsia Mapendo

Ndugu waombolezaji, mimi ni Joséphine-Marie, dada mkubwa wa marehemu. Nimeombwa nisome kwa upole. Nitajaribu.

Kétsia Mapendo alizaliwa hapa Kibabi tarehe 12 Mei 1989, kitindamimba wa Mama Augustine na Papa Marcellin Kasika, ambaye vita ilimchukua mwaka 1996. Alisoma shule ya msingi papa hapa. Mapigano ya 2007 yalitukimbiza hadi Goma, na huko ndiko alikopata diploma ya taifa ya kumaliza sekondari mwaka 2009.

Sauti yake ilisikika kwanza katika kwaya ya parokia, kisha akarekodi nyimbo nne. Mwaka 2010 aliingia katika mchezo wa televisheni. Alicheza mke anayemlisha mume wake karuho, ile sumu ya polepole tunayoiogopa sote. Anaonja pombe kwanza, kama desturi yetu inavyotaka, halafu anatia sumu kwa ukucha na kumpa mume. Aliigiza vizuri mno. Hilo ndilo kosa lake lote.

Diski za mchezo huo zilifika hapa kijijini. Krismasi ya 2011 alikuja kutusalimia sisi tuliokuwa tumerudi, akamimina kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akaonja mbele ya wageni. Papa Élie, mkubwa wa wabeba tipoyi, machela yetu ya miti ya kubebea wagonjwa, akarudisha kikombe.

"Hapana, mutoto. Na ule bwana yako ulimuonjea vile vile."

"Papa Élie, ile iko mchezo! Ule bwana iko muzima, anakaa Goma, iko na watoto tano."

Watu walicheka, lakini vikombe vilibaki vimejaa. Kétsia akasema basi, atalewa yeye kwa niaba ya mtaa mzima.

Agosti 2012 aliposwa na Muhindo, mwuza vitambaa kutoka Butembo. Ndugu za Muhindo walipomuuliza kwa hofu nani atampikia, aliwajibu kwamba anakula kwa Kétsia kila siku na suruali zinambana. Harusi ilipangwa baada ya Pasaka.

Tarehe 9 Februari 2013, akiwa hapa nyumbani, tumbo lilimkamata. Muuguzi alisema apasuliwe hospitali siku hiyo hiyo. Pikipiki hazikupita kwa sababu ya mapigano. Ilibaki tipoyi na wanaume wanane wa zamu. Mama alipiga magoti mbele ya Papa Élie.

"Mama Augustine, sisi hatubebi karuho ku mabega. Ikitugeukia je?"

Tulimbeba sisi wanne: Muhindo, Mama, mdogo wangu Aimée na mimi. Hatukuwa na wa kutupokea zamu. Saa tisa mchana, kabla ya kufika hata Muheto, kijiji cha njiani, alikata roho. Alikuwa na miaka 23.

Leo wale wanane wamekuja na suti. Wanalia, wanaimba nyimbo zake. Wamekula maharagi ya Mama mpaka sufuria zikang'aa, wala hakuna aliyeuliza nani ameonja. Nimeona kinyaa, ndugu zangu. Asubuhi hii Papa Élie ameniambia, "Tuachie kazi, mutoto wetu tutamubeba sisi." Mtoto wenu! Tangu lini?

Kétsia ameacha mama yake, mchumba wake, Aimée na mimi, na kaka yetu Paul, aliyeko Walikale na hakupata njia ya kufika.

Mungu ampe pumziko ambalo watu wa kwao walimnyima.

Papa Élie, ukae. Muhindo, Mama, Aimée: tumwinue.